Juhudi na Bahati katika Falsafa ya Wastoiko

Katika falsafa ya Wastoiko, kazi ya mtu na matokeo ya kazi hiyo ni vitu viwili vyenye wenyewe tofauti. Kazi ni ya mtu: nia yake, uangalifu wake, ustadi anaoutumia, uvumilivu wake. Matokeo si yake, maana yanategemea mambo mengi yasiyokuwa chini ya amri yake, kama hali ya hewa, bei ya sokoni, afya, fitina za wakubwa, na hata nyumba aliyozaliwa. Wengi kabla yao walikwisha kuliona hilo na kulisikitikia. Wastoiko walilichukua wakajenga juu yake maadili mazima: mtu apimwe, na ajipime mwenyewe, kwa kile kilicho chake tu. Basi mafanikio hayathibitishi kwamba mtu alijitahidi, wala kushindwa hakuthibitishi kwamba alizembea. Ni fundisho gumu kuliko linavyoonekana mara ya kwanza, kwa sababu linaitikisa ahadi ambayo karibu kila jamii huwalea watoto wake nayo, kwamba mwenye bidii lazima atalipwa.

Jina la Wastoiko si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Limo katika Matendo ya Mitume, pale mtume Paulo anapokutana nao Athene. Wakati ule mapokeo yao yalikuwa yamekwisha kudumu miaka 350 hivi. Mwanzilishi wao, Zeno wa Kition katika kisiwa cha Kupro, alikuwa mfanyabiashara. Mwandishi wa kale Diogenes Laertius anasimulia kwamba meli yenye shehena yake ya rangi ya zambarau ilizama karibu na Piraeus, bandari ya Athene. Zeno akapanda mjini, akaketi dukani kwa muuza vitabu, akasikia kikisomwa kitabu cha Xenophon kuhusu Socrates. Alipouliza watu wa namna ile wanapatikana wapi, muuza vitabu akamwonyesha mwanafalsafa Crates aliyekuwa akipita njiani, na Zeno akamfuata. Mnamo mwaka 300 KK alianza kufundisha katika ukumbi wa nguzo uliopambwa kwa michoro, uitwao Stoa, na wafuasi wake wakapewa jina la ukumbi huo.

Mrithi wake alikuwa Cleanthes wa Assos, bondia wa zamani aliyefika Athene na drakma nne tu. Mchana alimsikiliza Zeno. Usiku alichota maji ya kumwagilia bustani za watu na kusaga nafaka kwa ujira. Inasimuliwa kwamba alipelekwa mbele ya baraza la Areopago aeleze anaishije, kwa kuwa alikuwa na mwili wenye nguvu na hakuonekana na kazi. Akawaleta mashahidi wawili, mwenye bustani na mama muuza unga. Wazee wa baraza walifurahi wakaamuru apewe mina kumi, fedha nyingi kwa mchota maji, lakini Zeno akamkataza kuzipokea. Visa hivi viwili vilipendwa sana na Wastoiko wenyewe. Mmoja alipoteza mali bila kosa lake, mwingine alitoa jasho bila kutajirika, na hakuna hata mmoja aliyehesabiwa kuwa ameshindwa maishani.

Ili kuona upya wa fundisho lao, inafaa kuwatazama waliowatangulia. Aristotle alifundisha kwamba maisha mema hujengwa kwa fadhila, yaani tabia njema iliyokomaa, ila yanahitaji pia vitu vya nje: marafiki, mali kiasi, watoto, afya. Mfano wake ni Priam, mfalme wa Troy, aliyeishi vizuri kisha uzeeni akapoteza wanawe na mji wake. Mtu kama huyo, alisema Aristotle, hakuna atakayemwita mwenye heri. Mwanafunzi wake Theophrastus alilaumiwa na wanafalsafa wa baadaye kwa kuusifu usemi kwamba maisha huendeshwa na bahati, si na hekima. Wastoiko walilikata shina la wazo hilo. Fadhila peke yake inatosha kwa maisha mema. Afya, mali, sifa na uzuri si vyema kwa asili yake, wala ugonjwa, umaskini na kutojulikana si vibaya.

Hapa palizuka hatari. Ikiwa mali na umaskini havina uzito wowote, kwa nini mtu alime, atibiwe au ajifunze ufundi? Aristo wa Chios, mwanafunzi wa Zeno, alishikilia kwamba kweli hakuna tofauti yoyote kati ya vitu hivyo. Mapokeo yalimpinga, na yalifanya vyema, kwani bila hivyo falsafa yote ingekuwa ya kukaa na kusubiri. Msimamo uliobaki ni kwamba vitu hivyo havina wema ndani yake, lakini vingine vinapatana na maumbile ya mwanadamu na vingine vinapingana nayo. Ni haki kuchagua afya kuliko maradhi, na ni wajibu kuitunza. Kinachokatazwa ni kudhani kwamba ukiikosa umekosa utu wako.

Kuhusu bahati yenyewe, Wastoiko walikuwa na jibu ambalo watu wa mitaani hawakulipenda. Katika miji ya Ugiriki na Roma bahati ilikuwa na mahekalu na sanamu. Waroma walimwita Fortuna, wakamchora akiwa ameshika usukani wa meli. Kwa Wastoiko hakuna nguvu ya namna hiyo. Kila kinachotokea kina sababu, na sababu hiyo ina sababu yake, mnyororo usiokatika unaoshikwa na akili ya kimungu iliyoenea katika ulimwengu wote. Bahati ni jina la sababu ambayo akili ya mwanadamu haikuiona. Aristotle alikuwa ametoa mfano wa mtu anayechimba shimo la kupandia mche akakuta hazina. Mstoiko angesema kwamba yuko aliyeizika hazina ile kwa sababu zake, na yuko aliyechagua kupanda mahali pale kwa sababu zake. Nyuzi mbili zimekutana, na aliyekuwa akichimba anashangaa kwa kuwa aliuona mmoja tu.

Lakini anayefundisha kwamba kila jambo limefungwa katika mnyororo wa sababu atalazimika kumjibu mvivu. Wagiriki waliiita hoja hii kwa jina lake hasa, hoja ya mvivu, na mwandishi Mroma Cicero aliiandika katika kitabu chake kuhusu majaliwa. Mgonjwa akiwa amejaliwa kupona, atapona hata asipomwita tabibu. Akiwa amejaliwa kufa, atakufa hata akimwita. Basi tabibu ni wa nini? Hoja hii haijafa. Husikika popote watu wanaposema liandikwalo ndilo liwalo, kisha wakakunja mikono.

Aliyeijibu ni Chrysippus wa Soli, kiongozi wa tatu wa Wastoiko, aliyefariki yapata mwaka 206 KK. Inasemekana aliandika vitabu zaidi ya 700, ambavyo karibu vyote vimepotea, na kabla ya kuingia katika falsafa alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Jibu lake ni kwamba kuna mambo yasiyojaliwa moja moja, bali kwa pamoja. Haiwezekani Laius, mfalme wa hadithi za Kigiriki, awe amejaliwa kumzaa Oedipus iwe amelala na mwanamke au hakulala naye. Haiwezekani mwanamieleka Milo awe amejaliwa kushindana mieleka Olympia iwe ana mpinzani au hana. Kupona kunaweza kuwa kumefungwa na kumwita tabibu, mavuno na kulima, ushindi na mazoezi. Juhudi ya mtu haisimami nje ya majaliwa kama mtazamaji. Ni pete mojawapo ya mnyororo. Mvivu hajagundua siri ya ulimwengu. Ameondoa sababu moja, tena ile pekee iliyokuwa mikononi mwake.

Chrysippus aliongeza mfano wa gogo la mviringo na pia ya kuchezea. Mtu akivisukuma vyote viwili mteremkoni, msukumo ni uleule, lakini gogo litabingirika na pia itazunguka, kila kimoja kwa umbo lake. Ndivyo matukio yanavyomgusa mwanadamu. Msukumo hutoka nje, ila namna ya kwenda hutokana na umbo la nafsi yake. Hasara ileile humfanya mmoja aibe na mwingine aanze upya, na kila mmoja wao anastahili kuulizwa kuhusu alichofanya.

Jibu la Chrysippus linatosha kumwamsha mvivu. Halitoshi kumfariji mwenye bidii, kwa maana tabibu anaweza kuitwa na mgonjwa akafa. Mtu aliyefanya yote na akakosa anapaswa kuambiwa nini? Swali hili ndilo lililozaa sehemu bora ya falsafa yao, na mwenye kusifiwa hapa ni Antipater wa Tarso, mji uleule alikotoka Paulo. Antipater alieleza lengo la maisha kuwa ni kufanya kila lililo ndani ya uwezo wako, bila kulegea na bila kugeuka, ili kupata yale yanayopatana na maumbile. Cicero, katika kitabu alichoandika mwaka 45 KK, anaeleza wazo hilo kwa mfano wa mpiga upinde. Mpiga upinde huchagua mshale ulionyooka, huweka miguu yake sawa, huvuta uzi kwa nguvu inayotakiwa, hupima umbali, huachia. Mpaka hapo kila kitu ni chake. Baada ya mshale kutoka, upepo unaweza kuvuma na shabaha inaweza kusogea. Kazi ya ufundi wake ilikwisha kukamilika kabla mshale haujafika, na ilikuwa kamili au pungufu pale ulipoachiwa.

Wapinzani walicheka. Carneades, bingwa wa wenye shaka aliyetumwa Roma pamoja na mjumbe wa Kistoiko katika ujumbe wa Athene wa mwaka 155 KK, na waandishi wengine baada yake, waliona ni upuuzi kusema mtu analenga shabaha lakini kuipata si lengo lake. Mpiga upinde asiyejali kupata, walisema, si mpiga upinde. Pingamizi hili ni zito, ila halikuzingatia sharti lililomo katika maneno ya Antipater yenyewe. Anayetupa mshale ovyo kwa kuwa matokeo si yake hajafanya kila lililo ndani ya uwezo wake. Shabaha lazima itazamwe kwa dhati, maana bila shabaha hakuna namna ya kujua mkono ulikaa vizuri au vibaya. Wastoiko walitenganisha kitu kinacholengwa na ukamilifu wa kulenga. Cha kwanza huongoza kazi, na cha pili ndicho humpa mtenda kazi thamani yake.

Epictetus alilieleza jambo hili kwa ukali na uhai zaidi ya wote. Alizaliwa mtumwa huko Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, mnamo mwaka 50 BK. Bwana wake aliwahi kuwa katibu wa Kaisari Nero, na Epictetus mwenyewe alikuwa kiwete. Alipoachwa huru alifundisha Roma mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, naye akahamia Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki. Hakuandika; mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyehifadhi mafundisho yake. Katika mojawapo anawazungumzia wacheza dadu. Dadu na vihesabio si kitu, na hakuna ajuaye dadu itaangukaje. Kuitumia kwa uangalifu na ustadi namba iliyoanguka, hiyo ndiyo kazi ya mchezaji. Kisha anageukia safari ya baharini. Msafiri anaweza kuchagua nahodha, mabaharia, siku na wakati wa kung'oa nanga. Dhoruba ikishuka baada ya hapo, sehemu yake imekwisha timizwa. Meli ikianza kuzama, linalobaki kwake ni kuzama bila kupiga kelele za hofu na bila kumlaumu Mungu. Ni mfano unaotisha, na Epictetus hakuulainisha. Aliyekuwa akisema hivyo ni mtu ambaye katika sehemu ya kwanza ya maisha yake hakuwa na mamlaka hata juu ya mwili wake.

Kwa mambo ya kila siku Seneca, Mstoiko wa Roma, alipendekeza nia yenye sharti ndani yake. Mwenye hekima hakusudii tu kusafiri. Hukusudia kusafiri iwapo halitatokea la kuzuia. Mswahili anayesema inshallah, au Mungu akipenda, hatauona ugeni wowote hapo. Tofauti ni kwamba kwa Seneca sharti hilo si la heshima ya kutamkwa mwishoni. Ni sehemu ya mpango wenyewe, linalofikiriwa mapema kwa kutaja hasa nini kinaweza kuharibika, ili pigo likija lisimkute mtu amelala.

Seneca huyo amebebeshwa msemo unaosambaa sana siku hizi, kwamba bahati ni maandalizi yanapokutana na nafasi. Haumo katika maandishi yake yaliyosalia. Mahali panapoukaribia ni katika kitabu cha saba cha kazi yake kuhusu hisani za kutendeana, anaposimulia maneno ya rafiki yake Demetrius juu ya mwanamieleka aliyezoea mbinu chache na kuvizia nafasi ya kuzitumia. Mada pale ni elimu: mafundisho machache yaliyoshikwa barabara hushinda mengi yaliyoguswa juu juu. Msemo unaosambaa unarudisha kwa mlango wa nyuma ile ahadi ambayo Wastoiko waliikana. Unafanya bahati iwe ujira wa mwenye bidii, na hivyo unamfanya aliyekosa aonekane kuwa hakujiandaa. Hiyo ni dhuluma kwa watu wengi mno, na kuiweka kinywani mwa Seneca ni kumgeuza.

Maana Seneca hakuiabudu kazi. Katika barua yake ya 31 kwa Lucilius anasema wazi kwamba taabu si jema kwa yenyewe. Wapo wanaohangaika maisha yao yote kwa vitu visivyostahili, na jasho lao haliwaongezei utu. Jema ni kutoiogopa taabu pale inapohitajika, na anayejitaabisha kwa ajili ya fadhila husifiwa kadiri anavyozidi kujikaza. Mwenyewe aliijua bahati kwa pande zote mbili. Kaisari Claudius alimpeleka uhamishoni Korsika mwaka 41, akarudishwa mwaka 49 kumfundisha kijana Nero, akatajirika kupita kiasi. Mshitaki mmoja, anavyoandika Tacitus, alimuuliza hadharani ni kwa hekima gani alipata sesterce milioni 300 ndani ya miaka minne ya urafiki wa kifalme. Mwaka 65 aliamriwa na Nero ajiue. Lawama ile kuhusu utajiri wake ni ya haki. Lakini fundisho lake ndilo hasa linalotoa kipimo cha kumlaumu, kwa kuwa linasema mali haimtetei mwenye nayo.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu juhudi yenyewe. Je, uwezo wa kujitahidi nao si zawadi ya bahati? Aliyelelewa na watu wavumilivu, akafundishwa na walimu wema, ataona kujikaza ni jambo la kawaida. Mwenzake aliyekua katika kipigo na njaa ataliona ni mlima. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilifufua swali hili kwa nguvu, lakini Wastoiko walikuwa wameligusa. Panaetius wa Rhodes alifundisha kwamba kila mtu amevikwa nafsi nne: ubinadamu anaoshiriki na wote, tabia yake ya kuzaliwa, hali aliyowekewa na nasibu, na maisha anayojichagulia. Tatu kati ya hizo mtu hakuzichagua kabisa. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 katikati ya tauni na vita vya mpaka wa mto Danube, alianza kitabu chake kwa orodha ndefu ya shukrani kwa babu yake, mama yake, walimu wake na miungu, akikiri kwamba yaliyomfanya awe mtu wa kujitahidi alipewa.

Kukiri si kujibu. Mnamo mwaka 200 BK Alexander wa Aphrodisias aliishambulia vikali nadharia ya Wastoiko kuhusu majaliwa, na mtu anaweza kuuliza kwa moyo huohuo: gogo hubingirika kwa umbo lake, lakini nani alilichonga? Jibu lao kwamba kila mwanadamu huzaliwa na mbegu za fadhila ni pungufu. Mbegu ni zile zile, udongo si ule ule, nao wenyewe walikubali kwamba mwenye hekima kamili ni adimu kama ndege wa hadithi aitwaye Phoenix. Hapa falsafa yao ina ufa, na ni heri ukubaliwe kuliko kufichwa. Ufa huo hauvunji kipimo cha juhudi. Unamtaka anayekitumia juu ya wengine awe na woga.

Seneca alilijua hilo, na aliligusa anapoandika juu ya madeni ya wema. Mtu ametendewa hisani kubwa, naye akafanya kila awezalo kuirudisha: akatafuta nafasi, akajinyima, akasafiri, lakini mambo yakaenda kombo na hakufanikiwa. Je, amelipa au hajalipa? Seneca hatoi jibu moja kwa wote wawili. Aliyetoa hisani anatakiwa ahesabu kwamba amekwisha lipwa, amwachilie mwenzake, asidai tena. Aliyepokea anatakiwa ahesabu kwamba bado anadaiwa, na aendelee kutafuta njia. Fedha ya mkopo ni suala jingine, kwa kuwa huko hutazamwa kilichorudi mkononi. Katika hisani hutazamwa moyo wa aliyehangaika. Wa kwanza akisema moyo hautoshi, amekuwa mkopeshaji. Wa pili akisema moyo wake umekwisha kutosha kabla ya wakati, amejificha nyuma ya bahati mbaya.